Karanga za mia mbili na folio ya 47

Juzi nimetoka zangu kuswali magharibi nikapita barabara ya tisa Ngamiani, hapa Tanga, nikanunua karanga za mia mbili. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku 2019 karanga zimerudi kwenye karatasi kama tulivyokua, kwa hiyo sikuangalia, nikawa natafuna natembea mpaka zimeisha, nakunjua karatasi nitupe nikaona muhuri. Muhuri wa chuo, wa bluu, umefifia. Juu kulia namba 47 imezungushiwa wino mwekundu, na kama umewahi kukaa masijala, ofisi ya mafaili, hata wiki moja unajua hiyo ni folio, yaani namba ya karatasi ndani ya faili, na hii imechomolewa. Ni barua ya wanafunzi ya 1983, wanaomba maji bwenini, na pembeni mkuu wa chuo kaandika kwa mkono wake "tuonane Jumatatu". Chuo chenyewe sikitaji.

Sikulala vizuri, kweli.

Tatizo letu tukisikia nyaraka za chuo tunawaza maktaba. Kitabu kikiungua Dar utakipata Nairobi. Folio ya 47 ipo moja tu dunia nzima na mimi nimeikuta ina chumvi.

Chukua Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Chuo kilianza Oktoba 1961 kwenye jengo la TANU pale Lumumba, sheria peke yake, wanafunzi hata ishirini hawafiki, kiko chini ya Chuo Kikuu cha London. 1963 kikaingia Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki pamoja na Makerere na Nairobi, 1964 kikahamia Mlimani, 1970 ndo kikasimama chenyewe. Miaka tisa tu, kimebadilisha mlezi na kimehama nyumba! Na kila aliyewahi kuhama anajua kuhama kunakula nini. Halafu Oktoba 1966 wanafunzi wakaandamana kupinga masharti ya JKT, Jeshi la Kujenga Taifa, Mwalimu Nyerere akawarudisha makwao karibu mia nne. Kwamba Mwalimu alikasirika kila mtu anajua. Lakini mzazi wa Pangani aliandika nini kumuombea mwanawe? Nani alirudishwa darasani na nani hakurudi tena? Hilo haliko kwenye hotuba, liko kwenye faili, na mtu aliyelifungua lile faili siku ile hakujua kama anaandika historia, alikuwa anafanya kazi yake ya Jumanne. Ndo maana nasema nyaraka za chuo hazianzi zikishazeeka, zinaanza siku ile karatasi inapopigwa namba na mtu kuamua hii haitoki humu.

Na wala si kwamba watu wa pwani hatujui kutunza. Utenzi wa Hemedi bin Abdallah wa vita vya Wadachi, yaani Wajerumani, umetufikia kwa sababu watu waliunakili na kuuweka ndani, na miaka ya 60 Mlimani wakakusanya miswada ya namna hiyo huku pwani, katalogi ikatoka 1970. Vyuo vilizijua thamani karatasi za babu zetu. Na zao je?

Sawa, nakubali, huwezi kutunza kila risiti ya sukari, nafasi haipo na hela haipo. Lakini kuchagua ni kazi ya mtu aliyesomea, sheria ya kumbukumbu na nyaraka tunayo tangu 2002, haiwezi kuwa kazi ya mtu aliyeambiwa Jumamosi asafishe stoo. Oxford wana hati ya 1214 na mtunzaji rasmi wakamweka 1634, katikati hapo masanduku tu. Sisi Tanga na huu unyevu wa bahari na mchwa hatuna miaka mia nne ya kusubiri. Na siku hizi vikao vinaamuliwa WhatsApp, simu ikiibiwa na kikao kimeibiwa.

Shangazi yangu alifundisha miaka 34. Alipostaafu akatakiwa uthibitisho kutoka chuo alichosomea ualimu, tukaenda mara tatu, faili hakuna, ofisi ilihama. Nilimuona amekaa kwenye benchi, bahasha mapajani ameishika kwa mikono miwili, mtu mzima anasubiri aambiwe kama aliwahi kusoma. Mtu asiniambie nyaraka ni mambo ya wasomi.

Jana nimerudi kwa yule kijana wa karanga. "Kaka hizi karatasi unazitoa wapi?" Akasema, "Nanunua kwa kilo, mjomba, kuna kiroba nyumbani." Tukaenda tukapekua kwa tochi ya simu, nimetoka na 45, 46, 51 na 52, nimezilaza chini ya godoro zinyooke. Ya 48, ambayo ndo ingekuwa jibu la yale maji, alishaiuza.