Na Aya Hiyo Isingekuwapo?

Jumatano iliyopita, katika darasa la Biblia la kanisa ninaloabudu hapa Dallas, mzee mmoja, mwalimu mstaafu, aliniuliza kwa nini Mkristo aunge mkono Wayahudi kuwa na nchi yao, nami nikamjibu kama nilivyofunzwa Eldoret: Mwanzo 12:3, ambapo Mungu anamwahidi Ibrahimu kuwabariki wanaombariki na kuwalaani wanaomlaani. Akatabasamu, akauliza, "Na aya hiyo isingekuwapo?" Nilikasirika, kwa sababu swali lilisikika kama la mtu asiyeamini na, zaidi ya hayo, sikuwa na jibu.

Kwetu swali hilo haliulizwi. Bendera ya Israeli imesimama kando ya madhabahu, mafuta ya Yerusalemu yanauzwa mlangoni, na anayetaka maelezo zaidi huombewa. Mzee yule naye analiamini agano la Ibrahimu, lakini alinisimulia habari za Reinhold Niebuhr, mwanatheolojia wa huku ambaye hoja yake haikusimama juu ya unabii. Mwaka 1942, Wayahudi wa Ulaya wakiwa wanaangamizwa, Niebuhr aliandika kwamba taifa hilo linahitaji nchi yake ili liendelee kuwapo, na katika maandishi hayo hayo akakiri kuwa Waarabu wa Palestina wangedhulumiwa na kwamba viongozi wa Kizayuni, yaani wa harakati ya kuwapatia Wayahudi nchi Palestina, waliokana jambo hilo walikuwa wakijidanganya. Hoja kama hiyo unaweza kuipima, hata ukaikubali nusu. Aya inayosomwa kwa sauti ya kukemea utaipimia wapi?

Najua mtakachosema: majuu yamemlevya, sasa anasahihisha wachungaji. Sijasema Wazungu ni wakweli kutushinda. Arthur Balfour, aliyetia sahihi barua ya 1917 iliyoahidi makao ya Wayahudi Palestina, ndiye aliyekuwa waziri mkuu mwaka 1905, Uingereza ilipopitisha sheria iliyolenga hasa kuwazuia Wayahudi wa Ulaya Mashariki wasiingie kwake. Tena hapa Texas yako makanisa yanayoisoma aya ile ile kwa kelele kutuzidi sisi. Wala siipingi Israeli, kama atakavyoniandikia mjomba kabla hajamaliza kusoma. Ninaiunga mkono, ila nataka sababu ninayoweza kumpa Mkristo Mpalestina wa Bethlehemu, ambaye Biblia yake ina Mwanzo 12 kama yangu, bila kuinamisha macho.

Linaloniudhi zaidi ni kwamba sisi watu wa Uasin Gishu, nyanda za Eldoret, ndio tungepaswa kuyajua haya kuliko wote. Mwaka 1903 Joseph Chamberlain, waziri wa makoloni wa Uingereza, aliwapa Wazayuni fursa ya kujenga makao yao Afrika Mashariki, na nyanda zilizotajwa zilikuwa zetu. Tume yao ikaja kuzikagua, na mwaka 1905 mkutano wao ukakataa. Miaka mitatu baadaye msafara mkubwa wa Makaburu, walowezi kutoka Afrika Kusini, ukaja kukaa huko, bila aya wala hoja. Shuleni sikufundishwa, kanisani sikusikia. Lakini kama wangekubali, ningependa sana kujua mchungaji wangu angemsomea babu aya gani siku ya kuhamisha ng'ombe wake.