Nipe Kitu Chenyewe, Kisha Unyamaze

Juzi karakanani nilitaka kukata hesi, ile mifereji ya kuzunguka, kwenye tundu la bolti ya M10 (unene wa milimita 10), nikasahau nitoboe kwa biti ya ngapi. Nikashika simu. Tovuti ya kwanza ikaanza kunisimulia historia ya bolti. Ya pili ikadai barua pepe yangu. Bando linaisha na chuma kiko kwenye jiriwa. Nikarudi kwa mzee wangu wa siku zote, tovuti ya Engineering ToolBox, mwenye sura ya kizamani na majedwali kibao: milimita 8.5. (Najua, ningetoa tu 1.5, yaani umbali wa hesi moja hadi nyingine, kwenye 10. Lakini saa tisa alasiri, na jua lile?)

Tangu hapo napima tovuti zote kwa kipimo hicho, inipe kitu chenyewe kisha inyamaze, hata za sanaa na fasihi.

Kuna 507movements. Mwaka 1868 Mmarekani Henry T. Brown alichapa michoro ya mitambo 507. Tovuti hii imeiweka yote, na baadhi inatembea. Tazama gurudumu la Geneva. Pini inaingia kwenye mfereji, inasukuma gurudumu robo duara, inatoka. Gurudumu linatulia huku pini ikimalizia mzunguko wake, kisha inarudi tena. Mtambo wa namna hiyo ndio uliokuwa ukisimamisha kila picha ya filamu mbele ya taa kwenye projekta za sinema. Vijana wangu niliwachorea ubaoni wiki nzima wakabaki kunikodolea macho. Kwenye simu walielewa kabla chai haijapoa.

Kwa michoro ya rangi naenda tovuti ya Rijksmuseum, jumba la makumbusho la Amsterdam. Ule mchoro mkubwa wa Rembrandt wa mwaka 1642, wa askari wa zamu, wameupiga picha ya pikseli bilioni 717. Unavuta, unavuta, nyuso zinapotea, unabaki na nyufa za rangi iliyokauka. Ila usijaribu kwa bando la siku.

Ninayoipenda kwa uchungu ni hazina ya miswada ya Kiswahili ya SOAS, chuo kikuu cha London. Humo mna karatasi za William Taylor, mmishonari aliyekusanya mashairi ya Muyaka bin Haji pale Mombasa akisaidiwa na Mwalimu Sikujua. Maelezo ya katalogi ni ya Kiingereza, jambo linaloniudhi: nipite London, tena kwa Kiingereza, ndipo nimfikie Muyaka?

Lakini kurasa zenyewe! Herufi za Kiarabu kwa wino, na kazi yote ya kusoma unaachiwa wewe. Kwa mwandiko wa zamani, irabu zetu tano zilibebwa na alama tatu tu: i na e alama moja, o na u alama moja. Kwa hiyo “chuma” na “choma” huandikwa sawasawa, na msomaji ndiye anayeamua kwa mizani na maana ya ubeti. Jana usiku nilikwama kwenye mstari mmoja wa namna hiyo mpaka simu ikazima.