Geuza inchi kabla hujazidisha

Muulize mtu yeyote namna ya kupata ujazo wa boksi, atakujibu papo hapo: urefu mara upana mara kimo. Hajakosea. Kanuni hiyo haijawahi kumharibia mtu kazi ya nyumbani. Inayoharibu ni inchi. Ndiyo maana nashikilia kwamba kipimo cha inchi kigeuzwe kuwa futi kabla ya kuzidisha, kisisubiri mwisho wa hesabu.

Chukua sakafu ya zege ya futi 10 kwa 12, unene inchi 4. Urefu na upana tumezoea kuvitaja kwa futi, unene kwa inchi. Mtu akizidisha 10 × 12 × 4 anapata 480, na akiagiza zege kwa namba hiyo ameagiza mara 12 ya anayohitaji. Inchi 4 ni theluthi ya futi, kwa hiyo jibu ni futi za ujazo 40. Hapo hapo angalia jambo jingine: kwenye sakafu hiyo, kila inchi 1 ya unene inakula futi za ujazo 10. Ukichimba kwa kukadiria kwa macho, zege haitatosha.

Wengine hupima kila kitu kwa inchi, wakazidisha, kisha wakagawanya kwa 12. Hapo wanakosea, kwa sababu futi moja ya ujazo ina inchi za ujazo 1,728, yaani 12 × 12 × 12. Nani ataikumbuka namba hiyo mikono ikiwa imejaa tope? 12 haisahauliki, basi tuitumie mapema.

Kosa lisiloonekana kirahisi ni kuandika futi 5 na inchi 6 kama 5.6. Ni 5.5. Na kwa mashimo ya nguzo ya duara, ukiweka kipenyo mahali pa nusu kipenyo, jibu linakuwa mara nne.

Mimi nililipia udongo wa ziada kwa sababu nyingine kabisa. Nilitengeneza tuta la mboga la mbao, futi 8 kwa 3, kina inchi 10. Hesabu ikanipa futi za ujazo 20, na hesabu yenyewe ilikuwa sawa. Ila nilikuwa nimepima nje ya mbao, na mbao zilikuwa na unene wa inchi 2 kila upande. Ndani kulibaki futi 7 na inchi 8 kwa futi 2 na inchi 8, ambayo ni futi za ujazo 17 tu. Futi 3 zilizobaki, zaidi ya lita 80, zikakaa kando kama kichuguu. Baada ya kumwagilia siku kadhaa, udongo ndani ya tuta ulishuka kama inchi 1, na zaidi ya nusu ya rundo lile ikapata kazi.