Mpira Ulivuka, Mguu Wangu Haukuvuka

Mpira ulivuka. Nalisema hili mapema tusipotezeane muda, maana kuna watu ukianza kuwasimulia mkasa huu wanakukatisha katikati: "Lakini we uliuona?" Niliuona. Tarehe 5 Aprili 2024, Pretoria, uwanja wa Loftus Versfeld, marudiano ya robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika, Mamelodi Sundowns na Yanga, kipindi cha pili. Aziz Ki wetu wa Yanga kaachia shuti nje ya boksi, likagonga mtambaa panya kwa chini, likadunda ndani, likatoka. Refa akasema chezeni. Wenye VAR yao, marefa wa video, nao wakaona tuendelee kucheza. Sisi tuliokuwa Mwananyamala tukaona goli.

Halafu mimi ni kinyozi. Mistari ndiyo kazi yangu. Mtu anayechonga kingo za nywele za watu tangu asubuhi mpaka usiku huwezi kumdanganya kuhusu kilichovuka mstari na kisichovuka.

Usiku ule ulikuwa wa Ijumaa, Ramadhani inaelekea ukingoni. Mechi ya kwanza kwa Mkapa, uwanjani Dar, tulitoka suluhu ya bila kufungana, kwa hiyo kila mwenye damu ya kijani na njano alifuturu haraka haraka akawahi kibanda umiza, banda la kuonyeshea mpira. Kiingilio kimoja, mechi mbili: saa tatu Yanga, saa tano Simba na Al Ahly kutoka Cairo. Yaani makolo, hao wa Simba, na sisi tulifungiwa ndani ya mabati yale yale, tukisubiriana zamu ya kuumia. Mwenye kibanda hana timu. Timu yake ni kiingilio.

Niwaeleze na ramani ya mle ndani, maana baadaye ilitajwa sana kwenye kesi. Mbele kuna shuka jeupe la sita kwa sita, limepigiliwa misumari juu, chini linapepea. Projekta iko juu ya makreti ya soda, katikati ya njia. Waya wa ekstensheni umekatiza sakafuni kutoka ukutani hadi kwenye makreti. Na pembeni kabisa ya makreti, dogo muuza juisi ameweka ndoo yake ya ukwaju, kifuniko wazi, kwa sababu wateja ni wengi. Mipango miji ya namna hiyo ndiyo iliyotufikisha tulikofika.

Benchi la nyuma alikaa mjumbe wetu wa shina, katoka tarawehe na kanzu yake. Mjumbe ni Simba. Pazia la sebuleni kwake ni jekundu, feni yake nyekundu, na ukimuuliza anakwambia ni rangi tu.

Basi shuti likapigwa. Kibanda kizima kikaruka, upande wetu kwa furaha, upande wao kwa hofu. Refa akapeta. Ndipo makolo wakaanza: "Haujavuka! Utopolo kaeni chini, haujavuka!" Mara marudio yakaja. Nikaona hapa hapa niwamalize. Nikatoka kwenye benchi, nikaenda hadi kwenye shuka, nikaweka kidole kwenye mstari wa goli.

"Oneni wenyewe! Mstari huu hapa! Mpira huu hapa!"

"Toa kichwa!"

"Kinyozi, toa kichwaaa!"

Mwanga wa projekta ulikuwa mgongoni kwangu. Nilipoonyesha mstari, kivuli cha kichwa changu kikalala golini kuanzia nguzo hadi nguzo. Nikainama, kikainama. Nikasogea kushoto, kamera nayo ikabadilisha upande, kikarudi pale pale. Shuka nalo, kwa upepo wa feni, likawa linacheza, hivyo hata mstari wenyewe mara uko mbele, mara uko nyuma. Marudio yote, ya juu, ya pembeni na ya taratibu, yalichezwa kisogoni kwangu. Kibanda kizima hakuna aliyeyaona, isipokuwa mimi, na mimi nilikuwa karibu mno nikaona vidoti vyeupe.

Nikarudi kinyumenyume, kidole kikiwa bado hewani, kama fundi rangi anayeupima ukuta wake. Kilichofuata wenzangu wanakisimulia kwa namna yao. Mimi nasema waya ulikuwa umelegea tangu mwanzo. Projekta ikainama. Haikuanguka mara moja, iliinama kwa heshima kabisa, na mwanga wake ukapanda nao: ukaacha shuka, ukapita ukutani, ukafika juu, nikamwona Aziz Ki akikimbia kwenye mabati ya dari. Kisha, chubwi! Giza. Na harufu ya ukwaju.

Sekunde ya kwanza kimya. Ya pili mtu mmoja, sijui kwa mazoea au kwa chuki, akapiga kelele: "Mwizi!" Kwa Dar, neno hilo halikupi nafasi ya kujieleza. Nilipita chini ya bati la nyuma, nikaacha ndala moja, nikatokea dukani kwa Mangi nikajibanza nyuma ya magunia ya mkaa. Penalti nilizisikiliza kule, kwa redio ya Mangi. Tatu kwa mbili, tumetolewa. Nililia kiume, huku Mangi ananiuliza kama kuna kitu nanunua au nimekuja kupumzika.

Asubuhi yake niliitwa kwa mjumbe. Barazani walishajaa. Mwenye kibanda anadai projekta. Dogo wa juisi anadai ndoo nzima ya ukwaju. Na makolo wanadai kiingilio chao, kwamba nimewakosesha mechi ya saa tano.

Hapo nilisimama kwa kujiamini. "Mheshimiwa mjumbe, hawa wamefungwa mbili bila kule Cairo, jumla tatu. Nimewanusuru wasishuhudie kwa macho yao. Kama kuna haki, wangenichangia."

Mjumbe hakucheka. Akavaa miwani. "Tuna ushahidi wa video," akasema.

Nikaishiwa nguvu. Kumbe kijana mmoja wa benchi la mbele alikuwa anarekodi ili arushe kwenye stetasi. Simu yenyewe kioo kimepasuka kona hadi kona. Wakakizunguka wote, vichwa vimegongana, mjumbe ndiye anaongoza.

"Rudisha. Rudisha tena. Simamisha hapo hapo. Vuta."

Kijana akavuta picha kwa vidole mpaka mguu wangu na waya vikawa madoa mawili yanayofanana.

"Mguu umevuka waya," mjumbe akatamka. "Umevuka, ukaukokota."

"Mheshimiwa, hiyo picha haiko wazi!" Nikaruka. "Kamera imekaa pembe mbaya, kuna ukungu, kuna mwanga, mtu hahukumiwi kwa picha kama hiyo!"

Baraza likatulia. Halafu nikasikia kicheko cha kwanza, kutoka kwa dogo wa juisi, mtu niliyemtia hasara ya ndoo nzima, anacheka mpaka anakaa chini. Kisha wakamfuata wote, hata wana Yanga wenzangu, jambo ambalo mpaka leo sijalisamehe.

"Mdogo wangu," mjumbe akasema akifuta miwani kwa kanzu, "jana usiku picha kama hii ulisema inatosha."

Sikukubali kushindwa kirahisi. Nikamkumbusha kanuni za mpira zinavyosema: ili liwe goli, mpira wote uvuke mstari wote, katikati ya nguzo na chini ya mtambaa panya. Si nusu, si robo tatu. Wote. "Sasa angalieni mguu wangu. Kisigino ndio, labda kimepita. Vidole je? Vidole viko upande huu wa waya. Mguu wote haujavuka waya wote. Kwa kanuni, sijavuka."

"Kwa hiyo," mjumbe akauliza polepole, "kitu kikiwa kimepita nusu, nusu bado iko juu ya mstari, refa akisema hakijavuka, refa yuko sahihi?"

Nikafungua mdomo. Nikaona pale ninapoelekea ni kwenda kuitetea VAR ya Pretoria, mimi, mbele ya makolo, Jumamosi asubuhi. Nikaufunga mdomo.

Nikajaribu mlango mwingine: nikaomba kesi ihamishwe, kwa kuwa mjumbe ni Simba, tena yeye mwenyewe ni shahidi, alikuwa benchi la nyuma. Akanijibu kuwa rufaa inakwenda kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, Jumatatu ofisi ikifunguliwa. Kila mtu akatazama chini. Mwenyekiti wa mtaa siku ya dabi huwa anavaa skafu nyekundu mpaka ofisini.

Hukumu ikatoka: ndoo ya ukwaju nilipe yote, projekta nilipe nusu ya matengenezo, na nusu iwe ya mwenye kibanda kwa kosa la kupitisha waya njiani. Madai ya makolo yakatupwa, mjumbe akasema machungu ya kufungwa hayana fidia. Kwa kuwa sikuwa na hela, mwenye kibanda na wanawe wote nitawanyoa bure mpaka deni liishe. Sikujua ana wana wengi kiasi kile. Wengine nadhani ni wa jirani.

Ila kazi ya kunyoa ina raha yake. Mkesha wa Idi saluni ilijaa hadi nje, na nikagundua kuwa mteja akishalaza kichwa, povu shingoni, wembe mpya umeng'aa, ukimuuliza taratibu, "Kaka, ule mpira wa Aziz Ki unaonaje?", hajawahi kutokea hata mmoja akasema haukuvuka. Makolo wa kutupwa, wanaolala na jezi, wote walikiri: ulivuka. Mmoja aliongeza kwamba ulivuka sana.

Jioni akaja mjumbe kunyoa ndevu. Nikampaka povu, nikauweka wembe chini ya kidevu, nikamwinamia sikioni.

"Mzee wangu, tuko wawili tu. Ule mpira?"

Akaniangalia kupitia kioo. Akautazama wembe. "Ulivuka, mwanangu," akasema bila kutikisa taya.

Nikamalizia kazi kwa moyo mweupe, nikampaka spiriti, nikampangusa mabega, nikakataa hata hela yake. Akasimama, akatengeneza kofia, akafika mlangoni, akageuka.

"Unajua kwa kweli sikuona kitu," akasema. "Kichwa chako kilikuwa mbele."