Ukikua Unataka Kuwa Nani? Swali la Shilingi 500

Aliyeleta balaa hili nyumbani kwangu ni shemeji. Alishuka na treni ya kutoka Dar es Salaam, kilomita zaidi ya 1,200, amejikunja kama shati la mtumba lililotoka robotani. Badala ya kuomba maji ya kuoga, akawapanga wanangu watatu ukutani kama yuko gwaride. "Haya wajomba, ukikua unataka kuwa nani?" Anayejibu anapewa shilingi 500.

Mimi nauza dagaa hapa Kigoma, pale mwalo wa Kibirizi. Najua kinachotokea bidhaa ikishapata bei. Binti yangu wa kwanza, miaka tisa, asubuhi alikuwa daktari. Mchana akawa rubani. Jioni shemeji amesinzia barazani, akatikiswa bega aambiwe kwamba kuna mtu hapa tayari ni mwanasheria, anasubiri chake. Siku ya kuondoka nilimchangia nauli mimi. Na mimi nilikuwa nimeshajaribu bahati yangu, nikamwambia, "Shemeji, hata mimi nikikua nataka kuwa na lori la kusafirisha dagaa." Akacheka, akanipiga begani. Nilikuwa namaanisha.

Sasa hayo ya daktari na rubani ni majibu ya wageni, yanatolewa kabatini pamoja na vikombe vizuri. Majibu yenyewe hutoka usiku umeme ukikatika, tumekaa uani na mama watoto anachagua mchele kwa tochi ya simu. Hapo ndipo nilipogundua kwamba ada ninayolipa inakwenda kusikojulikana.

Huyu binti, kwa mfano, anataka kuwa sokwe wa Gombe. Hataki kuwa mtafiti wala askari wa hifadhi. Anataka awe sokwe. Shuleni waliambiwa kwamba Jane Goodall alifika Gombe mwaka 1960, akawa anakaa porini anawatazama sokwe, anawapa majina, anaandika wanachokula na nani kagombana na nani. "Baba, mimi nikila hakuna hata mtu mmoja anayeandika."

Nikamwambia yupo. Mwenye duka la pale kona anaandika kila mnachokula, daftari lake sasa limefika ukurasa wa mwisho.

Wa pili ndiye aliyenitesa. Mwaka 2024, kuanzia tarehe 15 Mei mpaka 15 Agosti, Ziwa Tanganyika lilifungwa ili samaki wapate kuzaliana. Miezi mitatu. Wakati huo mtoto ana miaka mitano, na nyumbani neno ni hilo moja tu: ziwa limefungwa. Akiomba soda, ziwa limefungwa. Akiomba viatu, ziwa limefungwa. Mimi mwenyewe nimehamia kwenye mihogo ya kuchemsha, na mtu aliyezoea kushika dagaa ukimpa muhogo ananenepa kwa hasara, maana usiponunuliwa unaula.

Kumbe mwenzangu anapiga picha kichwani. Siku moja akaniuliza, "Baba, kufuli lake liko upande gani?"

Nikacheka. Kosa. Mtoto ukimcheka swali la kwanza anakuletea na ndugu zake wote.

"Ufunguo anakaa nao nani? Akilala anauweka wapi?"

Nikamweleza kwamba ziwa hili lina urefu wa zaidi ya kilomita 670, halifungwi kama stoo. Tena si letu peke yetu, tuko nchi nne: sisi, Burundi, Kongo na Zambia. Akanyamaza. Nikadhani nimemaliza kazi.

"Kwa hiyo lina milango minne."

"Eh... tuseme hivyo."

"Sasa kwa nini usipitie mlango wa Zambia?"

Mama watoto alicheka mpaka ungo ukamtoka mkononi, mchele wote chini, tukaanza kuokota upya punje kwa punje. Tangu usiku ule kijana akatangaza kazi yake: atakuwa mtu anayefunga ziwa. Si mvuvi, maana mvuvi anarudi alfajiri macho mekundu, na mbalamwezi ikiwa kali hata kwenda haendi. Si mchuuzi, maana mchuuzi anamwona hapa kila siku na hajavutiwa. Anayefunga ziwa, kwa hesabu zake, anafanya kazi siku mbili tu kwa mwaka, ya kufunga na ya kufungua, na watu wazima wote wanamtaja mchana kutwa. Nimetafuta kasoro kwenye mpango huo sijaiona.

Baadaye aliiacha. Akahamia kwenye meli ya Liemba. Hapo niliona heri, angalau nahodha ni kazi ya mtu na akili zake. Nikamsimulia kwa raha: meli ile iliundwa Ujerumani mwaka 1913, ikaletwa hapa vipande vipande, ikaunganishwa. Vita vikawakalia vibaya, mwaka 1916 Wajerumani wakaizamisha wenyewe. Lakini kabla ya kuizamisha, mafundi wakazipaka injini grisi nzito zisile kutu. Mwaka 1924 Waingereza wakaiibua, na mwaka 1927 ikarudi kazini.

"Ilikaa chini miaka minane?"

"Minane."

"Hakuna aliyekwenda kuiamsha?"

Nikajua tumeshapotea. Sasa hivi kila asubuhi mama yake akimvutia shuka, sauti inatoka ndani ya godoro: "Nipakeni mawese mniache." Mawese! Hapa Kigoma mafuta tunayo, hilo ndilo linalomfanya aone jambo lake linawezekana.

Nimeyavumilia hayo. Aliyenimaliza ni kitinda mimba, mwenye miaka mitano, mpole, asiyesema. Siku ya shemeji alipoulizwa alitazama chini, akapewa mia tano ya huruma. Mimi nikawa najisifu moyoni kwamba huyu ndiye atakayerithi kichanja cha dagaa.

Tumepanga vyumba viwili Mwanga, shilingi 50,000 kwa mwezi. Mwenye nyumba ni mzee mstaarabu, hapigi kelele. Anakuja na baiskeli yake, anapiga kengele mara moja, anaketi. Ni afadhali angefoka. Mtu anayefoka unaweza kukasirika nawe mkalingana. Huyu anakaa tu, anauliza habari za watoto, anasifia mpapai.

Mwezi uliopita kengele ilipolia, mfukoni nina shilingi 21,500. Sikukimbia, naomba ieleweke. Nilikuwa naelekea chooni tangu zamani, nikaongeza mwendo. Choo chetu kiko uani, mlango ni wa bati, chini umebaki upenyo wa kupita kuku. Humo ndani nikasikiliza kila kitu kama mtu anayesikiliza mechi redioni.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mama. Baba yupo?"

"Ametoka kidogo." Na kwa kweli nilikuwa nimetoka, kidogo.

Kigoda kikaletwa. Soda ikaletwa, ile tuliyoificha kwa ajili ya Ijumaa. Mzee akanywa, akatulia, kisha kwa kukosa la kusema akamgeukia kitinda mimba. Ni nini kinachowapata watu wazima wakimwona mtoto?

"Haya mjukuu wangu. Ukikua unataka kuwa nani?"

Kimya. Nikamwombea mwanangu aibu yake imsaidie. Wapi.

"Mwenye nyumba."

Mzee alifurahi, kicheko chake kikanifuata hadi chooni. "Aaa! Safi kabisa! Na kwa nini mwenye nyumba?"

"Kwa sababu ukija unapewa soda."

"Hahaa! Na nini tena?"

"Na baba anakwenda kukaa chooni."

Hakuna aliyecheka. Nilimsikia mama watoto akikohoa kikohozi ambacho hakuwa nacho asubuhi. Nikamsikia mzee akiweka chupa chini, taratibu, kisha kigoda kikalia kama mtu anajiweka sawa kwa safari ndefu. "Basi," akasema, "mimi sina haraka. Mjukuu, shika hii." Sarafu ikatoka mfukoni. Akaanza kusifia mpapai.

Nzi wawili na mimi tukatazamana. Kama dakika kumi zikapita. Halafu nikasikia vindala vinakuja, vikasimama mlangoni, na kwenye ule upenyo wa kuku ukaingia mkono mdogo umeshika shilingi 500.

"Baba," akanong'ona. "Shika."

Machozi yalinikaribia, nisiwadanganye. Nikaipokea. 21,500 na 500 ni 22,000, bado 28,000. Nikataka kumwambia ahsante mwanangu, Mungu akubariki, lakini mkono haukuondoka. Ulibaki palepale, kiganja wazi, kidole kimoja kikigonga sakafu.

"Nimekukopesha. Mwisho wa mwezi nitakuja na baiskeli."