Iwobi Hakupandisha Bei ya Petroli

Hivi kiungo Alex Iwobi aliwakosea nini mashabiki wa Nigeria? Februari 2024 Super Eagles walifungwa 2-1 na Ivory Coast kwenye fainali ya AFCON mjini Abidjan. Timu nzima ilizidiwa, lakini mzigo wa matusi akatwishwa yeye. Wakamwandama Instagram mpaka akaondoa picha zake, na nahodha Ahmed Musa akalazimika kuwasihi watu waache. Fainali jamani! Wengine tungechinja ng'ombe.

Hasira yenyewe siilaumu. Mei 2023 Rais Tinubu aliapishwa, na siku hiyohiyo akatangaza kwamba ruzuku ya mafuta imekwisha. Petroli iliyokuwa chini ya naira 200 kwa lita ikavuka 1,000 mwaka uliofuata. Nani asipandwe na jazba? Ila kwenye uchaguzi uliompa Tinubu urais, Februari 2023, walipiga kura takriban asilimia 27 tu ya waliojiandikisha. Sawa, kuna vituo vilivyochelewa kufunguliwa na kuna watu waliotishwa. Lakini asilimia 27!

Wanasiasa nao wanadekezwa. Mwaka 2011 kigogo mmoja wa Lagos alipotoka gereza la Kirikiri, baada ya kifungo cha makosa ya zabuni, wapambe walimlaki kwa shangwe, sare zimeshonwa, ibada ya shukrani ikafuata. (Mahakama ya Juu ilikuja kumfutia hatia, ila siku ile nani alijua?) Kiungo akipoteza mpira, hashonewi mtu sare. Anaulizwa kwa nini alizaliwa.