Soksi Yangu Imerudi na Barua

Leo asubuhi nimeletewa soksi kwa saini. Soksi moja, ya mguu wa kushoto. Kijana aliyeileta alibisha hodi kwa adabu, akanikabidhi bahasha nene kwa mikono miwili, akanionyesha pa kutia saini, akaondoka kinyumenyume kama mtu aliyetoka kukabidhi hati ya kiwanja. Ndani mna soksi yangu kwenye mfuko wa nailoni, imepigwa pasi, na karatasi tatu zilizobanwa pamoja. Mimi niliposoma karatasi ya kwanza nilikaa chini. Mama watoto aliposoma ya pili naye alikaa chini, ila yeye ni kwa kicheko.

Naomba nianze mwanzo, kwa sababu kisa hiki ukikidakia katikati utaniona mimi ndiye mkorofi.

Mama watoto alishikwa na homa ya hoteli za sanaa. Sisemi hoteli iliyotundika picha ukutani. Nasema hoteli ambayo chumba chenyewe ndicho picha, halafu wewe unalipa uingie ulale ndani ya picha. Kila usiku, mimi nimeshaanza kukoroma, naona mwanga wa simu unanimulika puani. "Baba watoto, hebu ona na hii."

Nikaona. Nikaona kijiji cha Jukkasjärvi, kaskazini kabisa mwa Sweden, ambako kwa zaidi ya miaka 30 watu wanajenga hoteli kwa theluji na barafu iliyokatwa kwenye mto Torne, wasanii wanachonga vyumba kila mmoja kwa ubunifu wake, na majira ya baridi yakiisha sehemu kubwa ya kazi inayeyuka na kurudi mtoni. Kitanda ni barafu. Ndani ya chumba ni kama nyuzi 5 hadi 8 chini ya sifuri, na hapo wanajisifu kwamba nje ni baridi zaidi. Nikauliza swali moja tu: choo kiko wapi? Mama watoto akapekuapekua, akanyamaza. Choo kiko jengo lingine, lenye joto. Nikageukia ukutani.

Kesho yake, Uswisi. Ndugu wawili mapacha, Frank na Patrik Riklin, mwaka 2016 waliweka kitanda mlimani bila ukuta, bila paa, bila mlango, wakasema hii ni hoteli. Na watu wakaomba nafasi! Mimi nimelala nje mara ngapi maishani, mbona hakuna aliyeniita mgeni?

Akanionyesha Austria, ambako msanii Andreas Strauss alichukua mabomba ya zege, yale makubwa ya majitaka, akayafanya vyumba, na mgeni analipa kiasi anachoona yeye kinafaa. Hapo nilifungua jicho moja. Akaona nimefungua, akapita haraka. Akaenda New York, kwenye jumba la makumbusho la Guggenheim, ambako mwaka 2008 msanii Carsten Höller aliweka chumba cha kulala kilicho juu ya sahani zinazozunguka, kitanda kinajizungusha polepole usiku kucha. Akaenda Berlin, ambako msanii Lars Stroschen alikuwa na hoteli yenye chumba ambacho fanicha zote zimening'inia darini miguu juu. "Siku hizi imefungwa," akasema kwa sauti ya matanga. Nikampa pole.

Sasa mwanamume mwenye busara angejua zile hazikuwa hadithi za kumpa usingizi. Mimi nilijua siku niliyoambiwa nipakie begi.

Hoteli yenyewe siitaji. Wao wameniandikia kwa heshima, na mimi nitawasema kwa heshima. Chumba chetu kilikuwa na jina, sio namba. Kinaitwa Subira. Nilipoambiwa jina nikafikiri ni la mwenye hoteli, labda la marehemu mama yake, nikatoa kofia.

Mambo madogo nayapitia tu. Swichi ya taa haikuwepo. Taa ilikuwa inawaka ikijisikia. Kioo kilitazama ukuta. Kulikuwa na kiti kimoja kizuri cha mbao chenye kibandiko: usikalie. Kabati halikuwa na mlango, na mlango uliokuwepo ulikuwa wa kabati ambalo halikuwepo. Nikatundika koti langu kwenye msumari, mama watoto akalitundua, akaninong'oneza kwamba msumari ule nao huenda ukawa wa msanii. Tukawa tunatembea mle ndani kama wezi.

Basi tukalala.

Saa nane za usiku nikasikia: tii.

Nikafungua macho. Kimya. Nikahesabu hadi ishirini. Kimya. Nikasema ni ndoto, nikafumba. Tii.

Ubaya wa tone la maji ni kwamba halina ratiba. Lingekuwa linadondoka kila baada ya muda fulani, binadamu angezoea, mbona saa ya ukutani tunaizoea. Hili la kwetu lilikuwa na hila. Linadondoka mara mbili haraka haraka, kisha linakaa kimya mpaka unasema afadhali, mwili unalegea, mdomo unaanza kufunguka, tii. Nikavumilia. Nikaweka mto kichwani. Nikaweka mto wa pili, wa mama watoto, yeye akiwa bado amelala juu yake.

Mimi na maji yanayovuja tunafahamiana vizuri. Sina haja ya kukueleza. Na wewe una sufuria lako, unajua mahali pake hata gizani, na unajua mvua ikizidi kuna la pili chini ya kitanda. Nikainuka kitaalamu. Nikawasha tochi ya simu, nikalisaka tone kwa sikio mpaka nikalipata kwenye kona: bomba jembamba limechungulia kutoka darini, chini yake beseni jeupe, maji yamefika karibu na ukingo. Matone machache zaidi na sakafu nzima ingeloa. Sakafu ya watu! Nikajisemea, kumbe Mungu ameniamsha kwa sababu.

Nikafanya kama ambavyo ungefanya wewe. Kwanza nikabeba beseni, nikalimwaga bafuni. Pili, nikavuta kile kiti. Sikukikalia, nasisitiza, nilisimama juu yake. Kibandiko hakikusema lolote kuhusu kusimama. Tatu, nikavua soksi ya mguu wa kushoto, nikaisokota, nikaisukumia ndani ya bomba, nikaikaza kwa mkanda wa lile vazi la kutokea bafuni. Nikasubiri. Kimya. Kimya kitakatifu. Nikarudi kitandani nikalala usingizi wa fundi.

Asubuhi nilishuka kupokea shukrani. Hata maneno nilikuwa nimeshayapanga: "Aa, si kitu, ni kawaida tu." Nilipofika mapokezi nikaegemea kaunta.

"Dada, usiku bomba lilikuwa linavuja kule chumbani. Msihangaike kumwita mtu, nimeshaliziba."

Binti wa watu akaacha kuandika. "Umeliziba, baba?"

"Nimeliziba."

"Kwa nini?"

Hapa nikuulize wewe. Katika maisha yako yote, kuna siku umeziba maji yanayovuja ukaulizwa kwa nini? Nilitafuta jibu nikalikosa, kama mtu aliyeulizwa kwa nini anapumua. Wakati natafuta, akainua simu, akazungumza kwa kunong'ona, na dakika haikupita meneja akatokea akitembea kwa haraka ile ya watu wa hospitali.

"Mzee wangu," akasema, "lile tone ndilo kazi."

"Kazi gani?"

"Kazi ya msanii. Subira ni lile tone. Kitanda, kuta, giza, vyote vile ni vya kulisindikiza. Mgeni analala akilisubiri."

"Nililisubiri vizuri tu. Ndiyo maana nikaliziba."

Meneja akafumba macho kidogo. Kisha akauliza, taratibu, kama mtu anayeogopa jibu: "Na beseni?"

"Nimelimwaga."

Binti akashika kichwa. Meneja akakaa kwenye kiti. Niliangalia kwanza, kilikuwa cha kukalia.

Nikaona nimeumiza watu, nikajitolea kama muungwana. Nikawaambia lisiwape taabu, maji si yapo bombani, nipeni dakika mbili nilijaze hadi pale pale lilipokuwa, alama niliiona. Meneja akatikisa kichwa. Sio maji yale, mzee. Nikauliza maji yapi. Akasema yale yalikuwa maji ya miezi kumi na moja, tone kwa tone, tangu chumba kifunguliwe, mengine yakikauka, mengine yakiongezeka, kila tone limesikilizwa na mtu. Nikamwambia mwanangu, mimi nimeteka maji tangu nikiwa kimo cha ndoo, na sijapata kukutana na maji yanayotembea na cheti cha kuzaliwa.

Nikageuka kutafuta shahidi. Mama watoto alikuwa amesimama nyuma yangu. "Mtusamehe sana," akawaambia, "hata nyumbani ndivyo alivyo." Kisha akaongeza lililonimaliza: kwamba usiku yeye alikuwa macho, analisikiliza lile tone, na alikuwa ameshaanza kulielewa. Lilipokatika akafikiri ndio mwisho wa kazi. Akasema mwisho ule ulimtoa machozi. Mwisho ule ulikuwa soksi yangu!

Hapo ndipo heshima iliponitoka. Nilipandisha sauti, nakiri. Nimeziba maji maisha yangu yote! Nimeziba kwa sabuni, kwa nta, kwa mpira wa baiskeli, kwa gazeti la kutafuna, na hajatokea hata mtu mmoja kuniambia nilichonacho darini kwangu ni kazi. Mwenye nyumba wangu kila nikimlalamikia hunijibu neno moja, subira. Nilidhani ananikwepa. Kumbe miaka yote alikuwa ananitajia jina la chumba, na mimi nilikuwa nalala ndani ya kazi ya msanii bila kujua, kila mwezi ninalipia!

Wageni waliokuwa wakishuka ngazi walisimama. Mmoja alipiga makofi. Sijui alidhani nini.

Tangu siku hiyo nimefanya utafiti wa kujitetea, na sasa simu ni mimi ninayemmulika nayo mwenzangu usiku. Hebu ona hii, mama watoto. Düsseldorf, Ujerumani, mwaka 1986: msanii Joseph Beuys alikuwa amepaka kilo 5 za siagi kwenye pembe ya chumba kule chuo cha sanaa, mtunza jengo akaja akakwangua, akatupa. Mtunza jengo akiona siagi ukutani ulitaka ailambe? Bolzano, Italia, mwaka 2015: wafanya usafi wa jumba la makumbusho walikuta chupa tupu na takataka za sherehe zimezagaa sakafuni, wakafagia, tena wakatenganisha plastiki na vioo kwa ustaarabu. Ilikuwa kazi ya sanaa.

Ila wa kwangu mimi, ndugu yangu wa damu, ni yule mfanya usafi wa Dortmund, huko huko Ujerumani, mwaka 2011. Alikuta chombo cha mpira kimewekwa chini ya mnara wa mbao, ndani kina utando kama wa maji ya mvua yaliyokauka. Akasugua. Akasugua mpaka kikatakata. Ule utando msanii Martin Kippenberger alikuwa ameupaka kwa mkono wake, na kazi ile ilikuwa na bima ya yuro 800,000. Unajua jina la kazi hiyo? Kwa Kiswahili ni kama kusema: Maji Yanapoanza Kuvuja Darini. Sasa niambie, sisi watu wa ndoo na madekio tuna kosa gani, kama kila wanachokipenda hawa ni kile tunachokiondoa?

Turudi kwenye bahasha. Karatasi ya kwanza ni barua. Inasema chumba kimefungwa kwa sasa, kinasubiri beseni lijae lenyewe. Salamu nyingi kwa mama. Karatasi ya pili ndiyo imemkalisha mwenzangu chini: ni ripoti ya hali ya kitu, kama zile wanazoandika kwenye makumbusho kitu kikihamishwa. Kitu: soksi, moja. Rangi: kijivu, yawezekana awali ilikuwa nyeusi. Kisigino: nyuzi zimepungua. Kidole gumba: tundu la milimita 14, lilikuwepo kabla ya tukio. Wamelipima! Mtu mzima, mwenye elimu yake, amekaa mezani na rula akipima tundu la soksi yangu. Harufu: haikutathminiwa. Hali kwa jumla: dhaifu.

Dhaifu. Soksi iliyozuia maji usiku kucha.

Karatasi ya tatu natakiwa nijaze kwamba nimeipokea katika hali iliyotajwa, na kuna nafasi ya pingamizi. Pingamizi ninalo. Tatizo ni kwamba mwenzake wa mguu wa kulia nilishamtupa Jumamosi, baada ya kumtunza wiki tano nikimwambia mwenzako anarudi, akawa hana kazi, ananitazama tu kila nikifungua droo. Na droo ile si ya kufungua ovyo. Mna soksi kumi na tatu mle na hakuna mbili zinazojuana. Zinaenda kufuliwa zikiwa wawili wawili kama wanandoa, zinarudi wajane, na ukiuliza nyumba nzima inakutazama kama umeuliza mkaguzi yuko wapi. Moja niliikuta imevalishwa chupa ya maji ya mtoto. Nyingine inashikia mlango wa stoo usibamize.

Kalamu nayo siioni. Ilikuwa hapa hapa mezani asubuhi, nimesainia bahasha nayo, au ile ilikuwa ya yule kijana? Mama watoto! Nani kachukua kalamu? Hiyo ya kijani haiandiki, nimesema mara ngapi itupwe.